Upunguzaji wa chaneli za sauti

Upunguzaji wa chaneli za sauti (pia daunimiksi) ni kazi ya kuchanganya sauti iliyorekodiwa katika chaneli nyingi ili isikike kupitia chaneli chache zaidi. Mfano unaojulikana zaidi ni filamu yenye sauti ya mzunguko ya chaneli 5.1 inapochezwa nyumbani kwenye spika mbili tu, yaani kwa stereo. Kazi hiyo hufanywa na deki ya DVD, king'amuzi, televisheni, simu au programu ya kompyuta, mara nyingi bila mtazamaji kujua.

Ikifanywa vizuri, mtazamaji hupoteza mwelekeo wa baadhi ya milio lakini husikia kila kitu kilicho muhimu katika filamu. Ikifanywa vibaya, au isipofanywa kabisa, mazungumzo ya waigizaji hufifia au hutoweka, huku muziki na milipuko ikibaki na nguvu yake. Kasoro hiyo huwagusa zaidi watu wanaotazama filamu kwa lugha ambayo si yao ya kwanza, pamoja na wazee waliopungukiwa na usikivu.

## Sauti ya mzunguko

Sauti ya mzunguko (pia saraundi) ni mfumo wa kumzunguka msikilizaji kwa spika kadhaa. Mfumo uliozoeleka zaidi huitwa 5.1. Tarakimu 5 inahesabu chaneli kamili, na tarakimu 1 baada ya nukta ni chaneli moja ya besi pekee. Chaneli hizo ni:

- kushoto mbele
- kulia mbele
- kati
- kushoto nyuma
- kulia nyuma
- besi, inayofupishwa LFE

Pendekezo BS.775 la Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU) linaelekeza spika ya kati iwe mbele kabisa ya msikilizaji, zile za mbele ziwe nyuzi 30 kila upande, na zile za nyuma ziwe kati ya nyuzi 100 na 120. Chaneli ya LFE hubeba milio mizito tu, ya marudio ya hadi hezi 120 hivi. Kwa kuwa haibebi sehemu kubwa ya sauti, huhesabiwa kama sehemu ya kumi tu, na ndiyo asili ya ".1".

Katika filamu nyingi kila chaneli ina kazi yake. Muziki huenea kushoto na kulia. Mvua, upepo, kelele za umati na ndege inayopita juu huwekwa nyuma. Mazungumzo karibu yote huwekwa kwenye chaneli ya kati, ili katika ukumbi wa sinema maneno yaonekane kutoka kwenye kioo hata kwa mtu aliyekaa kiti cha pembeni. Mgao huu ndio unaoeleza matatizo mengi yanayotokea nyumbani, kwa sababu chaneli yenye maneno ndiyo isiyokuwa na spika yake.

Mifumo mikubwa zaidi ni 7.1, yenye chaneli mbili za ziada, na Dolby Atmos ya mwaka 2012, ambayo huongeza spika za juu na kurekodi baadhi ya milio pamoja na mahali pake badala ya kuifunga kwenye chaneli moja. Nayo pia hupunguzwa hadi stereo ikichezwa kwenye spika mbili.

## Historia

Filamu ya *Fantasia* ya kampuni ya Walt Disney, iliyotoka mwaka 1940, ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuonyeshwa kwa sauti ya chaneli kadhaa. Mitambo yake ilikuwa ghali, na ilifungwa katika kumbi chache tu.

Katikati ya miaka ya 1970 maabara za Dolby zilileta Dolby Stereo. Mfumo huu ulipachika chaneli nne (kushoto, kati, kulia na nyuma) ndani ya njia mbili za sauti zilizochapwa kwenye mkanda wa filamu. Mtambo wa ukumbini ulizitenganisha tena. Filamu ya *Star Wars* ya mwaka 1977 iliutangaza mfumo huo duniani. Faida yake kwa nyumba za kawaida ilikuwa kwamba njia mbili zile zilisikika sawasawa hata kwenye redio isiyo na kitenganishi. Vitenganishi vya nyumbani vilianza kuuzwa mwaka 1982 kwa jina la Dolby Surround, vikafuatwa na Pro Logic mwaka 1987.

Mfumo wa kidijitali wa Dolby, uitwao pia AC-3, ulianza kusikika kwenye sinema mwaka 1992 kwa filamu *Batman Returns*. Mshindani wake DTS alifuata mwaka 1993 kwa *Jurassic Park*. Hapa chaneli sita zilirekodiwa kila moja peke yake. Diski za DVD zilipoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa mwaka 1996, sauti ya chaneli sita iliingia majumbani, na ikawa lazima kila kicheza kiwe na uwezo wa kuipunguza kwa ajili ya mwenye spika mbili.

### Afrika ya Mashariki

Televisheni ilianza Zanzibar mwaka 1973, na Tanzania Bara ikaanza kupata vituo vyake mwaka 1994. Kabla na baada ya hapo filamu za kigeni zilienea kwa kanda za VHS, kisha VCD na DVD. Kanda na VCD zilikuwa na njia mbili za sauti kwa wingi, hivyo hazikuhitaji kupunguzwa. DVD ndiyo iliyoleta chaneli sita kwenye nyumba zenye spika mbili. Baadaye zikaja faili za filamu zinazobebwa kwenye flashi, simu na kompyuta, ambazo nyingi zimenakiliwa zikiwa na sauti yake yote ya 5.1.

Kuzimwa kwa mitambo ya analojia, kulikoanza Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, kuliingiza ving'amuzi katika nyumba nyingi. Kusambaa kwa umeme vijijini chini ya Wakala wa Nishati Vijijini (REA), ulioanza kazi mwaka 2007, pamoja na umeme wa sola, kuliongeza idadi ya watazamaji nje ya miji. Kwa hiyo suala hili si la wakazi wa mijini pekee. Katika Mkoa wa Tanga, kwa mfano, linamhusu mkazi wa Korogwe mjini au Handeni sawasawa na mkazi wa kata ya Lutindi upande wa milima ya Usambara. Kifaa cha kawaida ni kilekile: televisheni moja yenye spika zake ndogo, au sabufa yenye spika mbili.

## Jinsi inavyofanya kazi

Kupunguza chaneli ni kujumlisha. Kila spika mbili zinazobaki hupewa chaneli yake ya mbele, sehemu ya chaneli ya kati, na sehemu ya chaneli ya nyuma ya upande wake. Kanuni iliyo katika pendekezo la ITU ni hii:

Kushoto mpya = kushoto + 0.707 × kati + 0.707 × kushoto nyuma

Kulia mpya = kulia + 0.707 × kati + 0.707 × kulia nyuma

Kizidisho 0.707 ni kipeuo cha pili cha nusu, sawa na kupunguza desibeli 3. Sababu yake ni kwamba sauti ya kati sasa itatoka kwenye spika mbili badala ya moja. Kila spika ikitoa nusu ya nishati, jumla yake chumbani hubaki ileile. Msikilizaji aliyekaa katikati husikia maneno kana kwamba yanatoka kwenye kioo, ingawa hakuna spika hapo. Hali hiyo huitwa kati ya kuwazika, kwa sababu ubongo ndio unaoiunda kutokana na sauti mbili zinazofanana zinazofika masikioni kwa wakati mmoja.

### Hatari ya kukwaruza

Jumla ya vizidisho katika kanuni hii ni 1 + 0.707 + 0.707, yaani 2.414. Chaneli zote zikifika kilele pamoja, kama katika mlipuko mkubwa, jumla huzidi kiwango cha juu ambacho sauti ya kidijitali inaweza kubeba. Vilele vya mawimbi hukatwa, na sauti hukwaruza. Ili kuzuia hilo, vifaa vingi hugawanya kila kitu kwa 2.414:

| Chaneli | Kizidisho kabla | Kizidisho baada |
|---|---|---|
| Mbele | 1.000 | 0.414 |
| Kati | 0.707 | 0.293 |
| Nyuma | 0.707 | 0.293 |

Mgawanyo huu ni salama, lakini hushusha sauti yote kwa desibeli 7.7 hivi. Ndiyo sababu filamu yenye 5.1 mara nyingi husikika kwa chini kuliko wimbo au taarifa ya habari kwenye kifaa kilekile, na mtazamaji hulazimika kuongeza sauti. Tangazo la biashara au wimbo unaofuata hupasuka kwa kelele. Njia nyingine ni kuacha sauti ilivyo na kubana vilele pekee pale vinapozidi. Njia hiyo hulinda mazungumzo vizuri zaidi, lakini mlipuko hupoteza uzito wake.

### Aina mbili za mchanganyiko

Aina ya kwanza ni stereo ya kawaida iliyoelezwa hapo juu. Aina ya pili, inayoandikwa Lt/Rt kwenye vifaa, hupachika chaneli za nyuma kwa namna ya Dolby Stereo ya zamani: upande mmoja huongezwa, upande mwingine hutolewa. Amplifaya yenye Pro Logic inaweza kuzitenganisha tena. Kwa mwenye spika mbili tu, bila kitenganishi, stereo ya kawaida ndiyo bora. Lt/Rt ina ubaya mwingine pia: ikichezwa kwenye spika moja, milio ya nyuma hufutana na kutoweka.

### Chaneli ya besi

Vifaa vingi huiacha kabisa chaneli ya LFE vinapopunguza hadi stereo, kwa sababu spika ndogo zikilazimishwa kutoa milio hiyo hutetemeka na kuharibu sauti nyingine. Hasara yake ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. LFE ni nyongeza ya kishindo, na besi ya muziki na ya matukio mengi imo pia katika chaneli za mbele. Sabufa ya kawaida hupokea waya mbili tu, za kushoto na kulia, kisha huchuja besi kutoka humo yenyewe. Kwa hiyo mwenye sabufa huendelea kusikia besi hata LFE ikiachwa.

### Maelekezo yaliyomo ndani ya sauti

Mkondo wa AC-3 hubeba maelekezo kwa kicheza. Mhandisi wa sauti anaweza kuchagua chaneli ya kati ichanganywe kwa kupunguzwa desibeli 3, 4.5 au 6, na chaneli za nyuma zipunguzwe desibeli 3 au 6 au ziachwe kabisa. Kuna pia namba inayoeleza wastani wa ukubwa wa mazungumzo, na maelekezo ya kubana tofauti kati ya sauti ndogo na kubwa. Mtazamaji anapowasha chaguo la usiku kwenye rimoti, maelekezo hayo ya kubana hutumika.

## Sababu za mazungumzo kutosikika

Kupunguza hakukufanyika. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, na ndilo rahisi kurekebisha. Deki nyingi za DVD zina matundu sita ya sauti nyuma yake. Zikiwekwa kwenye hali ya 5.1 na mtumiaji akaunganisha matundu mawili ya mbele tu, chaneli ya kati haifiki popote. Filamu husikika ikiwa na muziki, nyayo na milango inayofungwa, lakini midomo ya waigizaji hucheza bila maneno, au maneno husikika kwa mbali kama mwangwi. Watu wengi hudhani diski ni mbovu. Nakala ya filamu ikirekodiwa kutoka matundu hayo mawili, maneno yaliyokosekana hayawezi kurudishwa tena.

Waya za spika moja zimegeuzwa. Nyekundu ikiingia kwenye nyeusi kwa spika moja tu, spika moja husukuma hewa wakati nyingine inavuta. Kila kilicho sawa pande zote mbili hufutana, na mazungumzo na besi ndivyo vilivyo sawa pande zote mbili. Sauti huwa nyembamba na isiyo na mahali. Kipimo chake ni rahisi: kuzima kifaa, kugeuza waya za spika moja, kisha kusikiliza tena. Mpangilio wenye besi nzito zaidi na maneno yanayotoka katikati ndio sahihi.

Tofauti kubwa kati ya sauti ndogo na kubwa. Filamu huchanganywa kwa ajili ya ukumbi wenye ukimya. Nyumbani kuna feni, mvua juu ya bati, jirani na barabara. Mnong'ono unaosikika sinemani humezwa na kelele hizo, na mtazamaji akiongeza sauti ili ausikie, mlipuko unaofuata huamsha nyumba nzima.

Kila kitu kinatoka mahali pamoja. Sikio hutenganisha maneno na kelele kwa urahisi zaidi vinapotoka pande tofauti. Katika 5.1 mvua iko nyuma na maneno yako mbele. Baada ya kupunguzwa, vyote hutoka kwenye spika zilezile mbili. Milio mizito ndiyo inayofunika zaidi milio myembamba, hivyo sabufa iliyofunguliwa sana huzika konsonanti dhaifu kama *s*, *f* na *t*.

Udhaifu wa kati ya kuwazika. Kila sikio husikia spika zote mbili, na sauti ya spika ya mbali hufika kwa kuchelewa kama robo ya elfu moja ya sekunde. Kuchelewa huko hufuta sehemu ya sauti karibu na hezi 2000, mahali panapobeba uwazi wa maneno. Spika halisi ya kati haina kasoro hiyo.

Mfumo usiofahamika. Televisheni na simu nyingi haziwezi kufasiri DTS. Filamu hucheza picha bila sauti yoyote. Hapa tatizo si idadi ya chaneli, na dawa yake ni kutumia programu inayoifahamu au kubadilisha sauti ya faili.

### Lugha na usikivu

Filamu nyingi za kigeni hutazamwa Afrika ya Mashariki kwa Kiingereza, Kihindi, Kikorea au lugha nyingine, mara nyingi bila maandishi ya Kiswahili chini. Mtu anayesikiliza lugha yake ya kwanza hujaza silabi iliyopotea kwa kubahatisha kutoka kwenye maneno yaliyobaki. Mtu anayesikiliza lugha ya pili au ya tatu hawezi kufanya hivyo kwa wepesi, hivyo kelele ileile humpotezea maana kubwa zaidi. Hali ni hiyo kwa wazee, kwa sababu uzee huanza kupunguza usikivu kwenye milio myembamba, ambako konsonanti zinakaa. Mtu anayelalamika kwamba "sauti iko juu lakini sisikii wanasema nini" anaeleza kasoro halisi, na kuongeza sauti peke yake hakumsaidii.

## Mipangilio kwenye vifaa

Deki ya DVD. Katika menyu ya sauti hutafutwa kipengele chenye chaguo kama STEREO, LT/RT na 5.1CH. Mwenye spika mbili huchagua STEREO. Kama kuna chaguo la kubana tofauti ya sauti, huwashwa kwa kutazama usiku. Ikiwa deki imeunganishwa na kifaa kingine kwa waya wa kidijitali na hakuna sauti, towe la kidijitali hubadilishwa kutoka RAW kwenda PCM. Deki nyingi zinazosoma VCD zina pia kitufe cha L/R kilichowekwa kwa ajili ya karaoke. Kikiachwa upande mmoja, sauti ya upande wa pili hukosekana.

King'amuzi na televisheni. Towe la sauti huwekwa PCM au Stereo ikiwa kilichounganishwa ni redio au sabufa ya kawaida. Kabla ya kubadilisha mpangilio, ni vyema kuangalia kama filamu ina mkondo wa pili wa sauti ya stereo. Mkondo huo ukiwepo ndio wa kutumia, kwa sababu kwa kawaida umechanganywa na mhandisi aliyeusikiliza.

Kompyuta. Katika mfumo wa uendeshaji, spika hutakiwa kutajwa kuwa ni stereo. Kompyuta ikidhani ina spika sita, itapeleka chaneli ya kati kwenye tundu lisilo na kitu, na matokeo yake ni yaleyale ya deki yenye matundu sita. Programu ya Kodi hutumia idadi ya chaneli 2.0 na ina chaguo la kulinda ukubwa wa asili wa sauti wakati wa kupunguza. Programu ya mpv hupokea agizo `--audio-channels=stereo`. VLC hupunguza yenyewe, na ina kibanio cha sauti kinachoweza kuinua minong'ono.

Kubadilisha faili moja kwa moja. Programu huria ya FFmpeg inaweza kuandika upya sauti ya filamu bila kugusa picha:

`ffmpeg -i filamu.mkv -c:v copy -ac 2 -c:a aac -b:a 192k filamu-stereo.mkv`

Anayetaka mazungumzo yapewe kipaumbele anaweza kutaja vizidisho mwenyewe:

`ffmpeg -i filamu.mkv -c:v copy -af "pan=stereo|FL=0.5*FC+0.3*FL+0.2*SL|FR=0.5*FC+0.3*FR+0.2*SR" -c:a aac -b:a 192k filamu-maneno.mkv`

Hapa FC ni chaneli ya kati, FL na FR ni za mbele, SL na SR ni za nyuma. Katika baadhi ya faili zile za nyuma huitwa BL na BR. Jumla ya vizidisho ni 1, hivyo sauti haiwezi kukwaruza. Chaneli ya kati, ambayo katika kanuni ya kawaida huwa chini ya zile za mbele, sasa iko juu yake. Ni vizuri kutunza faili ya asili, kwa kuwa chaneli zikishachanganywa hazitenganishiki tena.

## Mpangilio wa spika chumbani

Spika mbili hufanya kazi vizuri zikiunda pembetatu yenye pande sawa pamoja na msikilizaji. Katika sebule ya mita 3 kwa 4, spika zinaweza kuachana mita 2, na msikilizaji akakaa mita 2 kutoka kila moja, usawa wa masikio.

Pembetatu hiyo ina nafasi ya mtu mmoja tu. Mtu aliyesogea nusu mita kando yuko mita 1.8 kutoka spika ya karibu na mita 2.3 kutoka ya mbali. Sauti husafiri takribani mita 343 kwa sekunde, hivyo ile ya mbali humfikia ikiwa imechelewa elfu moja na nusu ya sekunde hivi. Hiyo inatosha kuufanya ubongo usikie maneno yakitoka kwenye spika ya karibu pekee. Katika familia inayotazama pamoja, wengine kwenye makochi na watoto kwenye mkeka, karibu kila mtu yuko nje ya pembetatu. Kwa hadhara kama hiyo ni afadhali spika zisogezwe karibu na televisheni, hata kama upana wa muziki utapungua, ili maneno na picha vibaki mahali pamoja.

Sabufa ikiwekwa kwenye kona, besi huongezeka kwa sababu kuta huirudisha. Kuisogeza kutoka kwenye kona au kuipunguza kwa kitasa chake hufungua mazungumzo bila kugusa kitu kingine. Mapazia, mkeka, zulia na makochi hupunguza mwangwi. Chumba chenye sakafu ya saruji, kuta tupu na dari ya bati hurefusha kila neno hadi liguse lile linalofuata.

## Vibanda umiza na filamu zilizotafsiriwa

Nje ya nyumba, wengi hutazama filamu katika kumbi ndogo za video ambazo Tanzania huitwa vibanda umiza. Humo watazamaji hukaa kwenye mabenchi, na wengi wao wako mbali na mstari wa katikati. Kwa kumbi za namna hii stereo haina faida kubwa. Kuchanganya yote hadi chaneli moja, yaani mono, humpa kila mtu filamu ileile, mradi mchanganyiko uliotumika si Lt/Rt.

Kumbi hizo ndizo zilizolea sanaa ya kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili. Nchini Tanzania Lufufu (Derek Mukandala) alikuwa miongoni mwa wasimulizi waliojulikana sana, na nchini Kenya DJ Afro amepata umaarufu kwa kazi ya aina hiyo. Uganda nayo ina wasimulizi wake wa Kiganda, wakiwemo VJ Jingo. Kwa upande wa sauti, kazi yao ni mchanganyiko wa aina yake: sauti ya filamu huteremshwa msimulizi anapozungumza na kupandishwa anaponyamaza, naye husikika sawa kwenye spika zote mbili. Kanuni hiyo ya kuweka maneno mbele na kelele nyuma ndiyo inayokosekana katika upunguzaji unaofanywa na kifaa kwa hesabu tupu.

Sauti kubwa kwa muda mrefu hudhuru masikio. Kiwango cha usikilizaji salama cha Shirika la Afya Duniani na ITU, kilichotolewa mwaka 2019 kwa vifaa vya kusikilizia, ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa watu wazima, na desibeli 75 kwa watoto. Kwa sababu hiyo kurekebisha mchanganyiko ni bora kuliko kuongeza sauti.

## Mipaka yake

Hakuna mchanganyiko unaoweza kuzipa spika mbili uwezo wa spika sita. Vifaa vingine hutangaza sauti ya mzunguko ya bandia, ambayo huchelewesha na kuchuja chaneli za nyuma ili zionekane kutoka pembeni. Matokeo hutegemea sana mahali mtu alipokaa, na mara nyingi mazungumzo hupoteza uwazi. Kwa vipokea sauti vya masikioni mbinu hiyo hufanya kazi vizuri zaidi, kwa sababu kila sikio hupata chaneli yake bila kuingiliwa na nyingine.

Anayeweza kuongeza kifaa kimoja tu hupata faida kubwa zaidi kwa kuongeza spika ya kati kuliko spika za nyuma, ilimradi amplifaya yake ina chaneli hiyo. Kwa wengine wote, stereo iliyopangwa sawasawa, waya zilizounganishwa vizuri na sabufa iliyopunguzwa hutosha kuyarudisha maneno ya filamu.

## Tazama pia

- Stereo
- Spika
- DVD
- Filamu
- Televisheni
- Sikio